Paka ana daftari, mama hana



Himidi zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii nitazungumza juu ya paka. Najua wapo watakaotabasamu, na wapo watakaofunua ukurasa wa pili. Nawaomba wote wawili wanisubiri kidogo.

Mwenzangu mmoja katika kamati ya msikiti aliniona nikitoka haraka baada ya swala ya Magharibi, jioni baada ya jioni, bila kukaa barazani kama ilivyo desturi yetu. Akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikamjibu kuwa yupo. Akamwombea shifaa, nami nikaitikia amin, huku nikiona haya kumwambia kuwa mgonjwa ninayemkimbilia ni paka. Haya yenyewe haikuwa mahali pake. Nyumba yetu ilikuwa na wagonjwa wawili wa maradhi yaleyale, na aliyestahiki kukimbiliwa kwanza alikuwa mwingine.

Sisimizi ukutani

Kijivu ni paka dume aliyekuja kwetu akiwa mdogo, yapata miaka tisa sasa, akanenepa kwa wali. Sisi wa Ifakara tunalijua jambo hili. Bonde la Kilombero ni bonde la mpunga, na kinachobaki sufuriani ndicho chakula cha paka: ukoko, wali uliolala, na mchuzi wa perege uliomwagiwa juu. Wageni walimsifu kwa unene wake, nasi tukaichukua sifa hiyo kuwa ni alama ya neema.

Kisha akaanza kunywa maji. Paka kwa kawaida hunywa kidogo, lakini huyu alikuwa haachani na ndoo ya udhu. Akakojoa mara kwa mara, hata ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akala kwa pupa, na bado uti wa mgongo ukaanza kuonekana chini ya manyoya. Miguu yake ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa kukanyagia visigino badala ya vidole. Asubuhi moja mke wangu akakuta mstari wa sisimizi ukielekea kwenye kona ya ukuta alipokojoa. Mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi mkekani akisubiri chai, akasema bila hata kugeuka, “Huyo ana sukari kama mimi.”

Tulicheka. Mama alikuwa na miaka mingi ya kisukari, na alikuwa amesema kweli.

Bwana mifugo tuliyemwendea ni mzoefu wa ng’ombe, mbuzi na kuku. Alituambia kwa uungwana kuwa hajawahi kumtibu paka wa namna hii, akatuelekeza Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nilimtia Kijivu katika tenga, tukapanda basi la alfajiri kupitia Kidatu na Mikumi. Huko walimpima damu na mkojo. Walipima vyote viwili kwa sababu paka aliyeingiwa na hofu hupanda sukari ya damu kwa muda, hivyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi kuhukumu. Mkojo nao ulikuwa na sukari. Hukumu ikatimia.

Ugonjwa huu kwa paka hufanana sana na ule unaowapata watu wazima wetu. Huwapata zaidi madume, waliozeeka kidogo, wanene, wasiotembea. Kongosho hutoa insulini pungufu, na mwili hauitikii ile kidogo iliyopo. Sukari hubaki katika damu, seli zinalia njaa, na mwili unaanza kujila wenyewe. Ndiyo maana mgonjwa hula sana na kukonda.

Chakula kwanza

Jambo la kwanza tuliloambiwa lilituhusu sisi kabla ya kumhusu paka. Wali ulikuwa umekwisha kazi yake. Allah amemuumba paka kuwa mla nyama. Mwili wake hutafuta nguvu katika protini na mafuta, na wanga mwingi humlemea. Tukaacha wali, ugali, mkate na maziwa yenye sukari ambayo watoto walikuwa wakimdondoshea chini ya meza. Badala yake anakula samaki aliyechemshwa na kutolewa miba, nyama ya kuku, moyo wa ng’ombe, na yai mara mojamoja. Samaki tunamchemsha kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini mwilini mwa paka. Supu yake hatuimwagi, kwa kuwa baadhi ya virutubisho vyake huhamia katika maji. Chumvi, vitunguu na viungo haviingii kabisa, kwa maana kitunguu ni sumu kwa paka. Na tunampa vipande vya namna mbalimbali, kwa sababu aina moja ya nyama peke yake haimtoshelezi mnyama kwa muda mrefu.

Lakini usimbadilishie paka chakula ghafla ilhali ameshaanza sindano. Wali ukipungua, sukari hushuka, na kipimo cha insulini kilichokuwa sawa jana huweza kuwa kikubwa mno leo. Badilisha kwa siku kadhaa, na daktari ajue.

Jambo la pili lilikuwa saa. Kijivu hula milo miwili mikubwa, na kila mlo unafuatwa na sindano, saa kumi na mbili kati ya moja na nyingine. Sisi tulichagua saa moja asubuhi na saa moja usiku. Huku kwetu jua halibadiliki sana mwaka mzima, hivyo saa moja usiku hunikuta nimetoka Magharibi siku nyingi. Utaratibu ni mmoja: chakula kwanza, kisha unatazama. Akila, anachomwa. Akikataa kula au akatapika, hachomwi kipimo kizima mpaka daktari aulizwe. Na ikitokea mtu amesahau, au hana yakini kama mwenzake ameshachoma, basi asichome. Kukosa sindano moja humdhuru kidogo, lakini kuchomwa mara mbili huweza kumuua.

Kwa ajili ya yakini hiyo ndipo lilipokuja daftari. Binti yetu wa darasa la sita alipiga mistari katika daftari la kurasa 80: tarehe, saa, amekula nini, amechomwa yuniti ngapi, nani amechoma. Likatundikwa kwa kamba jikoni, kalamu ikiwa imefungwa pembeni yake.

Sindano, joto na asali

Wengi huogopa sindano kuliko ugonjwa. Ngozi ya paka juu ya mabega na ubavuni ni legevu. Unaiinua kwa vidole viwili ikawa kama hema dogo, unaingiza sindano chini ya hema hilo, unasukuma, umemaliza. Kijivu akiwa analamba sahani yake hata hageuki.

Penye hatari ni katika kipimo. Insulini ya binadamu tunayoifahamu ina yuniti 100 katika kila mililita. Zipo insulini za wanyama zenye yuniti 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, basi alama ya yuniti 2 itakupa yuniti 5. Kwa paka wa kilo nne au tano hilo si kosa dogo. Kijivu alianzishwa kwa yuniti 1 tu, baadaye 2, na kila badiliko lilitoka kwa daktari.

Yeye anatumia insulini ya binadamu iitwayo glajini, ambayo ni angavu kama maji. Mama hutumia ile ya mchanganyiko, yenye ukungu, inayobiringishwa taratibu viganjani kabla ya kuvutwa. Tukaweka kila moja katika kopo lake, moja na utepe mwekundu na jingine na utepe wa kijani, na kila mmoja ana mabomba yake. Sindano zilizotumika huingia katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa tunaipeleka kituo cha afya. Shimo la taka ni mahali pa kuchezea watoto na kuku, kwa hiyo sindano haitupwi humo.

Na joto je? Insulini isiyofunguliwa hukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigande. Lakini umeme wetu tunaujua, na nyumba nyingi hazina jokofu. Hapa mtungi wa bibi zetu una fadhila yake. Mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga uliolowa maji kati yake, kivulini penye upepo, hupunguza joto kwa kiasi kizuri. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotumia joto halisi la kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Waliona kuwa insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Habari hiyo isimfanye mtu aiache chupa juani au ndani ya gari. Inatuonesha tu kwamba asiye na jokofu hajafungiwa mlango, na azungumze na mhudumu wake wa afya.

La mwisho ni asali. Sukari ikishuka mno, paka huyumba kama mlevi, hulegea, hutetemeka, na huweza kupata degedege. Hapo mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, usimmiminie kitu kooni, usitie vidole kati ya meno yake, na umtafute daktari bila kungoja. Kikombe chetu cha asali kiko kando ya daftari.

Haki ya kiumbe na haki ya mfuko

Sasa nifike kwenye swali aliloniuliza jirani yangu mmoja, na hakuliuliza kwa ubaya. “Katibu, mji huu una watu wanaokosa insulini. Wewe unamchoma paka?”

Sikulala vizuri usiku ule. Nikapiga hesabu. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kijivu hutumia 4 kwa siku. Chupa ikishafunguliwa hupewa siku 28, na katika siku hizo paka atakuwa ametumia yuniti 112. Zilizobaki 888 zinatupwa. Mtu aliyesoma milango ya israfu chuoni hawezi kuipita hesabu hiyo kimyakimya. Nikamuuliza daktari wa Morogoro, akatuhamishia kwenye kalamu ya mililita 3, yenye yuniti 300. Upotevu haukwisha, ila ulipungua sana. Na tulipojaribiwa kusema kuwa kinachobaki apewe mama, tulikataa. Aina ni tofauti, na dawa ya mama huandikwa na daktari wa mama.

Ama jawabu langu kwa jirani lilikuwa hivi. Kwanza, fedha ya paka hutoka mfukoni mwangu, baada ya haki za watu wa nyumba yangu kutimia, na haigusi sanduku la msikiti hata kwa senti moja. Pili, dawa hii wanadamu waliifikia kupitia wanyama. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimwondoa mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Hapo ndipo ikajulikana ugonjwa unakotoka. Mwaka 1921 Banting na Best, mjini Toronto, walifanya majaribio yao kwa mbwa, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa binadamu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kwa miongo mingi iliyofuata, insulini ya watu ilikamuliwa kutoka kongosho za ng’ombe na nguruwe, mpaka mwaka 1982 Marekani ilipoidhinisha ile inayotengenezwa na vijidudu maabarani. Basi mnyama akipata tone moja la dawa hii, hajamwibia mtu. Na kwa kuwa bado zipo insulini za wanyama zitokanazo na nguruwe, Muislamu ana haki ya kumuuliza daktari asili ya dawa kabla ya kuinunua.

Tatu, tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Niliisoma hadithi hiyo tangu utotoni nikidhani hainihusu, kwa kuwa mlango wetu haufungwi. Lakini tangu siku ya sindano ya kwanza, Kijivu hana tena uhuru wa kujitafutia. Mwili wake unategemea saa yetu. Tumemfunga bila kamba, na aliyefunga ndiye mdaiwa.

Asiye na uwezo huo asijitwishe. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya wasaa wake. Amwachishe wali, ampe nyama kwa kadiri alivyojaaliwa, na maji masafi yasikauke. Wapo paka ambao chakula sahihi na matibabu ya mapema huwarudisha mpaka wakaacha sindano kabisa. Ama aanzaye sindano, asianze kwa huruma ya wiki moja.

Kurasa za kulia

Nimesema nyumba yetu ilikuwa na wagonjwa wawili. Jioni moja binti yetu alikuwa akiandika daftarini huku akisoma kwa sauti: saa moja kamili, samaki, yuniti 2, baba. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniita. “Mwanangu,” akasema, “paka ana daftari. Mimi je?”

Hakusema kwa hasira, na laiti angesema kwa hasira. Sikuwa na la kumjibu. Mama alikuwa akijichoma mwenyewe miaka yote, asubuhi akiamka, jioni akikumbuka. Nyakati nyingine alijichoma kisha akangoja wali uive, na kuni zikiwa mbichi wali huchelewa. Mara kadhaa tulimkuta akitokwa jasho, mikono ikitetemeka, maneno yakimchanganya. Yeye aliita uzee, nasi tukakubali kuwa ni uzee. Tulikuwa tumejifunza dalili zilezile kwa ajili ya paka, tukamwekea paka asali, na wala hatukumtazama aliyeketi mkekani.

Kesho yake nilimpeleka Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, nikakaa naye mbele ya daktari badala ya kumngoja nje. Daktari akampangia upya saa na kipimo. Aliporudi, mjukuu wake akaligeuza daftari. Kurasa za kulia zikawa za bibi, za kushoto za Kijivu. Jikoni sheria ikawa moja: hakuna sindano kabla chakula hakijapakuliwa, na anayepakuliwa kwanza ni mama.

Msimu wa kulima ulipofika, tulipata mtihani wetu. Mnajua desturi ya bonde letu: familia huhamia mashambani, kwenye madungu, kwa wiki nyingi, kulinda mpunga. Zamani mama alibaki nyumbani na yeyote aliyekuwepo. Safari hii tulipanga zamu kwenye daftari kabla ya kufunga mizigo, na hakuna aliyeondoka mpaka jina la anayebaki limeandikwa. Ramadhani nayo ikitukuta, tunajua kuwa paka hafungi na saa yake haihami, na kuwa mama amepewa ruhusa na Mola wake katika sura ya Al-Baqarah. Kama atafunga au hatafunga, atakata shauri yeye na daktari wake, na sisi hatutamshawishi kwa kuona aibu ya majirani.

Ndugu msomaji, rehema tunayoihisi moyoni ni njema, lakini mgonjwa wa sukari hatibiwi na hisia zetu. Anatibiwa na saa moja isiyokosewa, na sahani iliyoandaliwa kabla ya bomba kuvutwa. Usiku wa leo, kabla hujalala, muulize mzee wako alijichoma saa ngapi na alikula nini baada yake. Kama hujui jibu, na yeye pia hajui, nunua daftari. La kurasa 80 linatosha.

Kijivu bado yupo. Miguu imepata nguvu, anakanyagia vidole tena, na ndoo ya udhu ameirudishia wenyewe. Yule mwenzangu wa kamati nilimweleza ukweli, naye akacheka sana, kisha akaniuliza bei ya kipima sukari. Kumbe baba yake anatokwa jasho alfajiri.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie kuwa waaminifu kwa kila kiumbe tulichowekewa mikononi. Amin. Wallahu a’alam.